Tarakimu Inapoulizwa Ilikotoka: Hotuba Kuhusu Majarida ya Elimu ya Idadi ya Watu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia katika fani hii, watafiti wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya majarida ya kitaaluma yanayoshughulikia idadi ya watu: yalianzaje, yanafanya kazi gani, na kwa nini mtu asiye mtaalamu wa demografia ayajali. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalonigusa zaidi.

Tarehe 15 Novemba 2022 tuliambiwa kwamba dunia imefikisha watu bilioni 8. Habari hiyo ilisomwa kila mahali kana kwamba kuna mtu aliyekaa langoni mwa dunia akihesabu wanaoingia na wanaotoka. Hakuna aliyehesabu. Siku ile ilikadiriwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti waliyoitoa mwezi Julai mwaka huohuo, kwa kuunganisha sensa za miaka mbalimbali, sajili za vizazi na vifo pale zilipo, na tafiti za kaya pale ambapo sajili hazipo au hazitoshi. Sisemi hivyo ili kuidharau kazi yao, ambayo naiheshimu sana. Nasema tu kwamba tarakimu ya watu ni kitu kinachotengenezwa. Ina malighafi yake, ina mafundi wake, na ina sehemu zake zilizo imara na zile zilizoungwaungwa. Jarida la elimu ya idadi ya watu ni mahali ambapo fundi analazimika kufungua kazi yake mbele ya mafundi wengine na kueleza kila kiungo kilivyoungwa. Nikiondolewa sifa nyingine zote za majarida haya, nitabaki nikiitetea hii moja.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko majarida yenyewe ya fani yetu. Mnamo 1662, mfanyabiashara wa London aitwaye John Graunt alichapisha kitabu alichochambua ndani yake orodha za vifo za mji wake. Orodha hizo zilitaja chanzo cha kifo, lakini hazikutaja umri wa marehemu, na kwa hiyo Graunt alipotaka kujua ni watoto wangapi kati ya mia wanaofikia utu uzima, alilazimika kukisia kutokana na aina ya maradhi. Miaka 31 baadaye, mnamo 1693, Edmond Halley, yule mwanafalaki ambaye jina lake limepewa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la maisha, yaani jedwali linaloonyesha ni watu wangapi wanabaki hai katika kila umri, la mji wa Breslau, ambao leo huitwa Wrocław na uko Poland. Alilichapisha katika Philosophical Transactions, jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, lililoanza 1665. Kinachonivutia katika makala yake ni ukurasa wa mwanzo, kabla hata hujaliona jedwali. Halley anaeleza kwa nini hakuitumia London wala Dublin: katika miji hiyo umri wa waliokufa haukuandikwa, na wageni walikuwa wakimiminika, hivyo waliozikwa pale hawakuwa wote wamezaliwa pale. Breslau ilikuwa mbali na bahari, wageni wake walikuwa wachache, na mchungaji Caspar Neumann alikuwa ameweka kumbukumbu za waliozaliwa na waliofariki pamoja na umri wao. Kwa maneno mengine, kabla ya kutuonyesha tarakimu, Halley alitwambia zimetoka wapi na kwa nini tuziamini kwa kiasi anachoziamini yeye. Zaidi ya miaka 330 imepita, na bado mhariri mzuri wa jarida la demografia hudai jambo hilohilo kwa kila anayeleta mswada.

Majarida maalumu ya fani hii yalichelewa kuzaliwa. Genus lilianzishwa Italia mnamo 1934. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ufaransa iliunda taasisi yake ya taifa ya tafiti za demografia mnamo 1945, na mwaka uliofuata ikatoka Population. London ikatoa Population Studies mnamo 1947, chini ya wahariri David Glass na Eugene Grebenik. Marekani walifuata na Studies in Family Planning mnamo 1963 na Demography mnamo 1964. Population and Development Review likaja 1975. Yapo mengine mengi, lakini sikusudii kuwasomea orodha.

Hata hivyo kuna jambo moja la historia hiyo ambalo si haki kulipita kimyakimya. Aliyeanzisha Genus ni Corrado Gini, ambaye kipimo chake cha kutokuwepo kwa usawa tunakitumia hadi leo, na ambaye mnamo 1927 aliandika makala ya kuutetea ufashisti kwa hoja alizoziita za kisayansi. Kamati ya London iliyokuja kulisimamia Population Studies iliundwa mnamo 1936 kwa msaada wa chama cha yujeniksi, yaani watu walioamini kwamba baadhi ya binadamu wanastahili kuzaa zaidi ya wengine. Jarida la Annals of Eugenics, lililoanzishwa na Karl Pearson mnamo 1925, lilibadilisha jina mnamo 1954 na kuitwa Annals of Human Genetics. Ninawaomba wanafunzi wasione aibu kuyasoma majuzuu yale ya zamani, na wala wasiwaonee haya waandishi wake kwa kuwafunika. Fani inayohesabu watu iko karibu mno na mamlaka, na swali la nani anahesabiwa, na nani, na kwa ajili ya nini, halikuisha siku jina lilipobadilishwa kwenye jalada. Kinachotia moyo ni kwamba ndani ya majarida yaleyale ndimo zilimotokea hoja zilizoziangusha imani nyingi za waanzilishi.

Nichukue mfano mmoja na nikae nao kidogo.

Katika miaka ya 1930, uzazi katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi ulikuwa umeshuka sana, na watabiri mashuhuri walichora mistari iliyoonyesha mataifa yakipungua na kuzeeka hadi kukaribia kutoweka. Kisha, mwishoni mwa muongo ule na katika miaka ya 1940, vizazi vikaanza kupanda tena. Wengine wakashangilia kwamba familia kubwa zimerudi. Katika juzuu la kwanza kabisa la Population Studies, mwaka 1947, kijana aitwaye John Hajnal, aliyezaliwa 1924, alichapisha makala iliyowatuliza wote wawili, waliolia na walioshangilia. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kupanda kule ilitokana na wingi wa ndoa na kubadilika kwa wakati wa kuzaa, na kwamba haikuwa lazima iwe na maana kwamba kila mke angemaliza akiwa na watoto wengi zaidi.

Naomba tulielewe vizuri jambo hili, maana linatuhusu leo kuliko lilivyomhusu Hajnal. Kile tunachokiita kiwango cha jumla cha uzazi, ambacho hutangazwa kama idadi ya watoto kwa kila mwanamke, hakimhusu mwanamke yeyote aliye hai. Hupatikana kwa kuchukua uzazi wa mwaka mmoja wa wanawake wa kila umri, wa miaka 15 hadi 49, kisha kuujumlisha kana kwamba yupo mwanamke mmoja aliyeishi umri wake wote wa kuzaa ndani ya mwaka huo mmoja. Sasa fikirini kwamba wanawake wote wa nchi wameamua, kwa sababu yoyote ile, kuahirisha kuzaa kwa miezi kumi na miwili. Mwaka huo kiwango kitaanguka hadi sifuri. Mwaka utakaofuata wataendelea kuzaa kama walivyokusudia, na mwisho wa safari kila mmoja atakuwa na watoto walewale aliowataka. Hakuna familia iliyopungua, lakini magazeti yatakuwa yamekwisha kuandika kwamba taifa linakufa. Mfano wangu umetiwa chumvi makusudi. Uhalisia ni kwamba watu huahirisha kidogo kidogo kwa miongo kadhaa, na tarakimu hubaki chini kwa muda wote ambao kuahirisha kunaendelea.

Mnamo 1998, John Bongaarts na Griffith Feeney walichapisha katika Population and Development Review njia ya kuirekebisha tarakimu hiyo, kwa kuzingatia kasi ambayo wastani wa umri wa mama unapanda kwa kila mtoto wa kwanza, wa pili na kuendelea. Njia yao ilikuwa rahisi na ilienea haraka. Miaka miwili baadaye jarida hilohilo lilichapisha ukosoaji mkali wa watafiti wengine waliosema kwamba dhana iliyo chini ya njia ile haikubaliani na takwimu za rika halisi za wanawake, yaani wanawake waliozaliwa miaka ileile na kufuatwa maisha yao yote ya uzazi, na pamoja nao likachapisha majibu ya wenye njia. Msomaji anaweza kuziweka kurasa hizo mezani na kuamua mwenyewe. Mimi nimezisoma mara nyingi, na bado naona wakosoaji walikuwa na hoja nzito, ingawa naitumia njia ya Bongaarts na Feeney darasani kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachomfumbua macho mwanafunzi upesi namna ile. Kati ya 1947 na 2000 ni miaka 53. Swali ni lilelile la Hajnal, na limebaki hai kwa sababu limeandikwa mahali ambapo linaweza kupatikana na kubishiwa.

Mabibi na mabwana, ubishi ninaoupenda kuliko wote katika historia ya majarida yetu ni ule wa vifo, na sehemu yake kubwa imo katika juzuu moja.

Thomas McKeown, tabibu na mwanahistoria wa afya, aliuliza swali ambalo madaktari wengi hawakulipenda. Vifo vya Uingereza na Wales vilipungua mno katika karne ya 19 na ya 20. Je, tiba ndiyo iliyovipunguza? Katika makala aliyoiandika pamoja na mwenzake mnamo 1962 katika Population Studies, alitazama ugonjwa mmoja baada ya mwingine. Kifua kikuu ndicho kilichomsaidia zaidi. Kilianza kupungua tangu vyanzo vya vifo vilipoanza kusajiliwa mwishoni mwa miaka ya 1830. Bakteria wake hakutambuliwa hadi 1882, na dawa ya kumuua kwa uhakika haikupatikana hadi miaka ya 1940. Mchoro wa McKeown unaonyesha mstari unaoteremka muda mrefu kabla ya dawa, na dawa inapowasili, kazi kubwa imekwisha kufanyika. Akahitimisha kwamba sababu kuu ilikuwa kuimarika kwa hali ya maisha, hasa chakula.

Mnamo 1975, katika juzuu la 29 la jarida hilohilo, McKeown na wenzake waliiendeleza hoja hiyo hadi karne ya 20. Lakini katika juzuu hilohilo, toleo moja kabla, ilikuwa imetoka makala ya mwanademografia Samuel Preston iliyotazama nchi nyingi kwa pamoja. Preston alichora pato la taifa kwa kila mtu upande mmoja na wastani wa umri wa kuishi upande wa pili, kwa miaka ya 1900, ya 1930 na ya 1960. Alikuta mkunjo unaopanda kwa kasi kwa nchi maskini na kulala kwa nchi tajiri. Zaidi ya hapo, alikuta kwamba mkunjo wenyewe ulikuwa ukihama kwenda juu: nchi yenye pato fulani katika miaka ya 1960 ilikuwa na umri wa kuishi mrefu kuliko nchi iliyokuwa na pato hilohilo katika miaka ya 1930. Kwa hesabu yake, kati ya asilimia 75 na 90 ya ongezeko la umri wa kuishi katika kipindi hicho halikutokana na kupanda kwa pato la nchi yenyewe. Lilitokana na mambo mengine yaliyovuka mipaka, kama chanjo, udhibiti wa malaria, na maarifa ya usafi.

Wawili hawa hawakuwa wakijibizana, na wala hoja zao hazipingani neno kwa neno, kwa kuwa mmoja alitazama taifa moja kwa muda mrefu na mwingine mataifa mengi kwa miongo michache. Lakini mtu anayesoma juzuu la 29 kutoka mwanzo hadi mwisho hawezi kulifunga akiwa na imani ileile aliyokuwa nayo alipolifungua. Mimi lilinifanyia hivyo. Nilikuwa mwanafunzi niliyeamini kwamba umaskini ukiondoka maradhi hufuata nyuma yake, na kwamba hakuna kingine cha kujadili.

Ubishi haukuishia hapo. Mnamo 1988 Simon Szreter, akiandika katika jarida jingine la historia ya tiba, alirudi kwenye sajili zilezile za vyanzo vya vifo alizozitumia McKeown na kuuliza ziliandikwaje. Alionyesha kwamba wakati kifua kikuu kikipungua kwenye karatasi, vifo vilivyoandikwa kuwa vya mkamba, nimonia na mafua vilikuwa vikiongezeka, na kwamba tabibu wa wakati ule hakuwa na njia ya uhakika ya kuyatenganisha maradhi ya kifua. Kama sehemu ya kupungua kule ilikuwa ni kubadilika kwa jina tu, hoja ya chakula inadhoofika, na nafasi ya mabomba ya maji, mitaro ya maji machafu na halmashauri za miji zilizokubali kugharamia mambo hayo inakuwa kubwa zaidi. Tazameni kilichotokea: hakuna aliyegundua takwimu mpya. Mtu alirudi kwenye takwimu za zamani akauliza swali dogo kuhusu mkono ulioziandika. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu McKeown, ambaye nadhani alikosea kwa kiasi kikubwa, alikuwa mwaminifu vya kutosha kuweka majedwali yake yote hadharani. Kosa lililoandikwa kwa uwazi lina thamani kubwa katika kazi yetu, na ningependa tuliheshimu zaidi ya tunavyofanya.

Baadhi yenu mtaniuliza: vipi kuhusu mahali ambapo hapakuwa na sajili kabisa? Hapo ndipo ninapomkumbuka William Brass, Mskoti aliyefika Nairobi mnamo 1948 kufanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki. Alikuwa na tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havikulijibu. Vifo vya watoto havikuandikwa popote, na mama aliyeulizwa mwanawe alikufa mwaka gani, akiwa na miezi mingapi, mara nyingi asingeweza kujibu kwa tarehe. Lakini kila mama anajua amezaa wangapi na amezika wangapi. Brass aligundua kwamba majibu hayo mawili mafupi, yakipangwa kwa umri wa mama, yanatosha. Watoto wa wanawake wenye miaka 20 hadi 24 kwa wastani wamezaliwa karibuni, na sehemu ya waliokufa kati yao hukaribiana na uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29 hukaribiana na uwezekano wa kufa kabla ya miaka mitatu, na kwa wale wa miaka 30 hadi 34, kabla ya mitano. Yanahitajika marekebisho fulani kutokana na umri ambao wanawake huanza kuzaa, nayo huwekwa kwenye jedwali. Njia hiyo, iliyofafanuliwa kwa kina katika kitabu alichokiandika na wenzake kilichotoka 1968 kuhusu demografia ya Afrika ya tropiki, ilienea dunia nzima na kuingia katika madodoso ya sensa za nchi nyingi.

Sijui njia nyingine ya kisayansi inayobeba huzuni nyingi kiasi kile katika maswali mawili. Mwanafunzi anayeketi na jedwali la Brass asisahau kwamba kila tarakimu katika safu ile ya pili ilitamkwa na mama.

Kutokana na maswali ya aina hiyo, mwanademografia John Caldwell aliweza kuchapisha mnamo 1979, tena katika Population Studies, uchambuzi wa takwimu za Nigeria ulioonyesha kwamba elimu ya mama ilihusiana na uhai wa watoto wake kwa nguvu kuliko mambo mengine aliyoyapima, hata baada ya kuzingatia kazi ya baba na mahali wanapoishi. Alieleza kwamba mama aliyesoma ana sauti zaidi nyumbani juu ya chakula na matibabu ya mtoto, na haogopi kumkabili mhudumu wa afya na kudai asikilizwe. Makala hiyo ilibadilisha sera. Na mnamo 1998 jarida la Demography lilichapisha kazi ya Sonalde Desai na Soumya Alva, waliotumia tafiti za nchi 22 na kukuta kwamba uhusiano huo unapungua sana pale unapozingatia hali ya kiuchumi ya kaya na eneo inapoishi, ingawa kwa chanjo za watoto elimu ya mama ilibaki na nguvu. Nimewahi kuwasikia watu wema wakisikitika kwamba utafiti kama huo unawapa silaha wasiotaka kusomesha wasichana. Siwezi kukubaliana nao. Wasichana wanastahili elimu kwa haki yao wenyewe, na tukiipigania kwa tarakimu ambayo hatutaki ichunguzwe, tumeiweka haki hiyo juu ya msingi mbovu.

Sasa niseme neno kuhusu namna jarida linavyofanya kazi kwa ndani, kwa ajili ya vijana ambao bado hawajawahi kupeleka mswada. Mhariri huusoma kwanza, na iliyo mingi hurudishwa hapohapo. Unaopita hupelekwa kwa wahakiki wawili au zaidi, wataalamu wa jambo lilelile, ambao katika majarida mengi hawaambiwi mwandishi ni nani na mwandishi haambiwi wao ni nani. Hawalipwi. Huchukua miezi, na hukasirisha. Mswada wangu wa kwanza ulirudi na kurasa nne za maoni, na katika kurasa hizo kulikuwa na mstari mmoja ulionikosesha usingizi: “Umri huu ulipatikanaje?” Nilikuwa nimepanga watu kwa umri wa mwaka mmoja mmoja na kupata matokeo ya kupendeza. Nilipochora umri wenyewe nikaona milima kwenye 30, 35, 40, 45, na mabonde katikati yake. Wahojiwa, au labda wahojaji waliochoka, walikuwa wakizungushia umri kwenye tarakimu zinazoishia na sifuri na tano. Kipo kipimo cha zamani cha jambo hili, fahirisi ya Whipple, ambayo huwa 100 pale ambapo hakuna kuzungushia na 500 pale ambapo kila mtu ametaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ningeikokotoa kwa dakika kumi. Sikuwa nimefanya hivyo, na matokeo yangu ya kupendeza yalikuwa ni ile milima tu. Hadi leo simjui mhakiki yule, na namshukuru.

Kuna mambo mawili yanayonitia wasiwasi, na ningekuwa mnafiki kuyaacha.

La kwanza ni fedha za malighafi. Tangu 1984 makala nyingi mno katika majarida yetu zimetegemea tafiti za demografia na afya zilizogharamiwa zaidi na serikali ya Marekani: zaidi ya tafiti 400 katika nchi zaidi ya 90, kwa madodoso yanayolinganishika, na takwimu zake kufunguliwa bure kwa yeyote anayeomba kwa ajili ya utafiti. Mnamo Februari 2025 ufadhili huo ulikatwa na kazi ikasimama, ingawa baadhi ya tafiti zilipata wafadhili wa muda baadaye. Jarida haliwezi kuchunguza ilikotoka tarakimu ambayo haikukusanywa. Kila nchi iliyozoea kujijua kupitia mkono wa mwingine inapaswa sasa kuijenga sajili yake ya vizazi na vifo, jambo ambalo wataalamu wameliomba kwa miongo mingi.

La pili ni mlango. Makala nyingi nilizozitaja leo ziko nyuma ya malipo. Mama aliyemjibu mhojaji wa Brass au wa Caldwell, au mjukuu wake aliyesoma hadi chuo kikuu, hawezi kuisoma kazi iliyotokana na jibu lake bila taasisi tajiri kumlipia. Ndiyo maana nalipenda jarida la Demographic Research, lililoanzishwa Rostock, Ujerumani, mnamo 1999, ambalo tangu siku ya kwanza halimtozi msomaji wala mwandishi. Nalipenda pia African Population Studies, jarida la umoja wa wanademografia wa Afrika ulioundwa mnamo 1984, ambalo hupatikana bure kwenye intaneti. Wapo wanaosema majarida ya bure hayana uzito, lakini uzito wa makala unatoka kwa wahakiki wake na kwa uwazi wa takwimu zake, wala bei haiongezi chochote. Nawasihi wenzangu wenye majina makubwa wapeleke kazi zao bora huko, badala ya kupeleka tu zile zilizokataliwa kwingine.

Kwa vijana mnaoandaa miswada, nina ombi ambalo wahariri wengi bado hawalidai, nami naliona ni la lazima. Ambatisheni dodoso lenu kwa lugha ambayo swali liliulizwa mlangoni, kwa maneno yaleyale, kwa kuwa tafsiri yake huficha mengi. Elezeni wahojaji walikuwa nani, walifundishwa kwa siku ngapi, na kama mhojiwa alikuwa peke yake au mumewe na mama mkwe walikuwa wamekaa pembeni. Andikeni ni umri wa watu wangapi mliokisia wenyewe. Andikeni pia ni kaya ngapi mlizozipata zimefungwa, ni watu wangapi waliokataa kujibu, na kama walitoa sababu, sababu hizo zilikuwa zipi.

Asanteni kwa kunisikiliza.